Krimu ya silva, gozi ya vaselini, asali au mfuko wa plastiki: jeraha la moto lifungwe na nini?

Mtoto aliyemwagikiwa uji akifikishwa zahanati, mara nyingi kopo la krimu nyeupe hufunguliwa kabla hajavuliwa nguo zote. Silva sulfadiazini, yaani krimu hiyo ya silva, imezoeleka kiasi kwamba ndugu wa wagonjwa huinunua duka la dawa wakiwa njiani, na wakifika swali la kwanza wanaloulizwa ni kama wameileta. Ninaandika ulinganisho huu kwa ajili ya muuguzi na tabibu wa kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mahali ambapo hakuna kitengo cha majeraha ya moto wala daktari wa kupandikiza ngozi, na kabati la vifaa lina vitu vichache. Ndugu wa mgonjwa anayetaka kuelewa kwa nini mtoto wake anafungwa hivi na si vile, naye asome.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu hapa. Krimu ya silva ina kazi yake, lakini si chaguo la kwanza kwa majeraha mengi tunayoyapokea, na isipakwe kabla jeraha halijapimwa ukubwa na kina. Ukishaipaka, umejifunika macho.

Kabla ya dawa yoyote, maji

Hapa hakuna ushindani. Maji yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida wa bomba, kwa dakika 20, ndiyo tiba ya kwanza, na yana faida hata kama saa 3 zimepita tangu mtu aungue. Yanapunguza maumivu na kuzuia joto lililobaki ndani ya ngozi lisiendelee kuunguza. Kama bomba halipo, jagi na beseni vinatosha: mmoja amimine polepole, mwingine amshike mtoto.

Yalinganishe na vinavyopakwa majumbani: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, kinyesi cha ng'ombe, manyoya ya sungura. Hakuna hata kimoja kinachopoza kama maji, na vyote vinamwachia muuguzi kazi ya kuvitoa kwenye ngozi mbichi ndipo aone kilicho chini. Barafu nayo isiguse jeraha, kwa sababu inabana mishipa ya damu na kuongeza uharibifu. Mtoto mdogo aliyeungua eneo kubwa hupoteza joto la mwili mzima haraka sana. Poza jeraha huku sehemu nyingine zimefunikwa, na akianza kutetemeka, acha. Pete, bangili, shanga za kiunoni na hirizi zivuliwe mapema, maana uvimbe ukishaingia zitakuwa kamba.

Ukubwa: kiganja, tisa, au chati?

Njia tatu zinashindana hapa, na kila moja ina mahali pake.

Kanuni ya tisa aliieneza daktari wa Uskoti, Alexander Wallace, mwaka 1951. Kichwa asilimia 9 ya ngozi yote ya mwili, kila mkono 9, kila mguu 18, kifua na tumbo 18, mgongo 18, sehemu za siri 1. Inakaa kichwani bila karatasi, na kwa mtu mzima inatosha. Siku ambayo wagonjwa wanafika kwa makumi, kama ilivyokuwa baada ya lori la mafuta kulipuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, au Sachangwan huko Kenya tarehe 31 Januari 2009, au Sange huko Kivu Kusini tarehe 2 Julai 2010, hii ndiyo njia ya kutumia. Hakuna muda wa kuchora.

Kwa mtoto, kanuni hiyo inadanganya. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja ni karibu asilimia 18 ya ngozi yake, na kila mguu ni kama 14 tu. Mtoto wa umri huo akivuta kitambaa cha meza na chai ikamwagikia kichwani na usoni, ukitumia hesabu ya mtu mzima utamkadiria nusu ya alivyoungua. Kuna njia rahisi ya kurekebisha: baada ya mwaka wa kwanza, kila mwaka unaoongezeka punguza asilimia 1 kwenye kichwa na uongeze nusu kwa kila mguu, hadi akifika miaka 10 anakuwa karibu sawa na mtu mzima.

Chati ya Lund na Browder imeyaweka mabadiliko hayo yote kwenye mchoro mmoja kufuatana na umri. Waliichapisha mwaka 1944 mjini Boston, miaka miwili baada ya moto wa ukumbi wa Cocoanut Grove uliowaua watu 492 mjini humo. Kwa mtoto mmoja aliye mbele yako, na wengi wa wagonjwa wetu wa moto ni watoto wa chini ya miaka mitano, hii ndiyo bora. Itolewe nakala na kubandikwa ukutani kwenye chumba cha kufungia vidonda. Ni karatasi moja.

Kiganja ni cha majeraha madogo au yaliyotawanyika, kama ya mafuta ya kukaangia yaliyoruka. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake ni takriban asilimia 1. Si kiganja chako wewe muuguzi, na si kiganja bila vidole, ambacho ni kama nusu tu. Jeraha likizidi asilimia 15 hivi, makosa madogo ya kiganja hujumlishana na njia hii inapoteza maana.

Ngozi iliyowaka tu kwa wekundu na joto, bila lengelenge wala kuchubuka, haihesabiwi. Kosa hili ndilo linalopandisha asilimia kwenye faili nyingi za rufaa, na linaingia moja kwa moja kwenye dripu. Chukua mtoto wa kilo 10. Mililita 3 kwa kilo kwa kila asilimia, ameungua asilimia 15: 3 × 10 × 15 ni mililita 450 za Ringa lakteti (maji ya dripu yenye chumvi) ndani ya saa 24, juu ya maji yake ya kawaida ya siku yenye glukosi. Nusu, yaani 225, ziingie ndani ya saa 8 za kwanza tangu alipoungua, si tangu alipofika. Kama amefika saa 3 baada ya kuungua, zimebaki saa 5, kwa hiyo mililita 45 kwa saa. Mtu mwingine akihesabu na ngozi iliyowaka na kuandika asilimia 25, mtoto huyohuyo ataandikiwa 750.

Wengi tulifundishwa mililita 4, hesabu ya Parkland iliyotoka Dallas kwa Charles Baxter mwaka 1968. Siku hizi wengi huanza na 2 kwa mtu mzima na 3 kwa mtoto, kwa sababu maji yaliyozidi nayo huua: mapafu hujaa, uvimbe hubana. Hesabu yoyote utakayoanza nayo, mkojo ndio unaoirekebisha. Mtoto atoe mililita 1 kwa kilo kwa saa, mtu mzima nusu ya hiyo. Mpira wa mkojo na daftari la kila saa vina thamani kuliko mabishano ya 3 au 4. Kama kanula imeshindikana na mgonjwa yuko macho, hatapiki, na ameungua chini ya asilimia 20 hivi, maji ya ORS (ya chumvi na sukari, kama ya kuharisha) ya kunywa au kwa mpira wa puani ni tiba halali, aanze nayo mara moja.

Kina, hasa kwenye ngozi yetu

Vitabu vingi vya uuguzi vina picha za ngozi nyeupe: nyekundu, pinki, nyeupe, basi. Ukizitegemea peke yake utapotea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa juu hauonekani vizuri. Utafute kwa mkono, kwa joto na uvimbe, na kwa namna mgonjwa anavyoshtuka ukimgusa. Lililo gumu zaidi ni hili: tabaka la juu lililoungua linaweza kubaki palepale, jeusi, likionekana kama ngozi nzima. Au kinyume chake, linakunjamana na kukauka, na mtu akadhani ni ngozi iliyokufa hadi chini. Rangi ya kweli iko chini yake. Mpe mgonjwa dawa ya maumivu, subiri ifanye kazi, kisha futa taratibu kwa gozi iliyolowa maji ya chumvi. Tabaka lililokufa litatoka lenyewe, na hapo ndipo kupima kunaanza.

Ukikuta pinki, unyevunyevu, ukibonyeza panakuwa peupe na damu inarudi ndani ya sekunde mbili, na hata upepo unamuumiza mgonjwa, umefika kwenye jeraha la kina cha kati upande wa juu. Hili litapona ndani ya wiki mbili hivi karibu bila kovu, mradi usilichafue. Ukikuta wekundu wa madoadoa au weupe, unyevu kidogo, damu inarudi polepole au hairudi, na maumivu ni ya kubonyezwa tu, ni kina cha kati upande wa chini. Hili litachukua wiki tatu au zaidi, na kovu lake litakuwa nene. Ukikuta pakavu, peupe, kahawia au peusi, pagumu kama ngozi ya ngoma, mgonjwa hasikii sindano na nywele zinang'oka bila kuuma, ngozi yote imekwenda. Hapo krimu wala asali haioteshi ngozi, isipokuwa kidonda ni kidogo sana. Ni upasuaji.

Anayesema kwa uhakika kina cha jeraha siku ya kwanza anajipa ujuzi usiokuwepo. Hata wataalamu wenye uzoefu, wakipima kwa macho, hupatia takriban theluthi mbili hadi robo tatu ya majeraha. Jeraha hubadilika kwa siku mbili tatu, na la maji moto kwa mtoto lina tabia ya kuonekana la juu siku ya kwanza na kumbe limeenda chini. Uji ni mbaya kuliko chai kwa sababu unaganda juu ya ngozi na kukaa na joto lake. Kwa hiyo kipimo cha pili, kati ya saa 48 na 72, ni cha lazima, na chaguo la kufunga la siku ya kwanza lisikuzuie kuona siku ya tatu. Kwa kigezo hiki ndipo krimu ya silva inaposhindwa kwanza.

Krimu ya silva

Charles Fox wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliileta mwaka 1968, na ilibadilisha mambo kwa haki. Wakati ule wagonjwa wenye majeraha makubwa na ya kina walikuwa wakifa kwa maambukizi ya bakteria, hasa Pseudomonasi anayetoa usaha wa kijani wenye harufu. Krimu iliwazuia. Haichomi ikipakwa, inatuliza, na mgonjwa anaipenda.

Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya majeraha hayo makubwa. Kwenye jeraha la juu, safi, la mtoto aliyemwagikiwa chai, inaleta shida tatu. Inachanganyika na majimaji ya kidonda na kuacha utando wa kijivu-njano ambao mtu asiyezoea anaudhani ni usaha au ngozi iliyokufa, na kina hakionekani tena. Inachelewesha seli mpya za ngozi kutambaa. Mapitio ya majaribio yaliyofanywa na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, mwaka 2013 yaliona kwamba majeraha ya juu na ya kati yaliyofungwa kwa krimu hii yalipona kwa kuchelewa kuliko yaliyofungwa kwa vitambaa vya kisasa. Na inahitaji kubadilishwa kila siku, kuoshwa yote na kupakwa upya. Kwa wiki mbili hiyo ni mara 14 mtoto analia mezani, mara 14 za gozi, bandeji na dawa ya maumivu. Bei ya kopo si gharama yake yote.

Kuna wasiopaswa kupakwa kabisa: mtoto wa chini ya miezi miwili, mama mwenye mimba iliyokaribia kujifungua, na mwenye mzio wa dawa za salfa. Uliza swali hili kwa Kiswahili cha kawaida: "Umewahi kutokwa na vipele au kuchubuka baada ya kumeza Septrini?" Wagonjwa wengi wanaoishi na VVU wamewahi kuitumia na watakujibu mara moja.

Inapofaa: jeraha la kina linalosubiri upasuaji, jeraha lililochelewa kuletwa na tayari linanuka, jeraha kubwa lenye ngozi iliyokufa. Hapo ipake kwa unene wa milimita 3 hadi 5 na usione haya kuitumia.

Gozi ya vaselini

Hili ndilo chaguo langu la kwanza kwa jeraha jipya, safi, la kina cha kati. Aliyeianzisha ni Auguste Lumière, ambaye dunia inamjua zaidi kwa sinema, alipokuwa akitibu majeruhi mjini Lyon wakati wa Vita Kuu ya Kwanza: kitambaa chenye matundu kilicholoweshwa mafuta ili kisigande kwenye kidonda. Inaweza kununuliwa ikiwa kwenye pakiti, na zipo hospitali zinazoitengeneza zenyewe kwa gozi, vaselini nyeupe na kopo la chuma. Atakayetengeneza akumbuke kwamba mvuke haupenyi mafuta. Inahitaji oveni ya joto kavu.

Faida yake kubwa ni kwamba haifichi kitu. Siku ya tatu ukifungua unaona pinki ni pinki na nyeupe ni nyeupe. Inabadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, kwa hiyo wiki mbili ni kama mara tano au sita badala ya 14, na mama anayetoka kijiji cha mbali anaweza kurudi nyumbani na mwanawe. Weka tabaka moja au mawili, juu yake gozi kavu nene ya kunyonya, kisha bandeji. Ikilowa nje, badilisha ya nje tu na ya ndani iache.

Udhaifu wake ni wa kweli. Haina dawa ya kuua vijidudu, hivyo haifai jeraha linalonuka au lililopakwa kinyesi nyumbani. Na tabaka la nje likiwa jembamba inakauka na kuganda. Anayeivuta kwa nguvu anang'oa ngozi mpya aliyoingoja wiki nzima. Loweka kwa maji ya chumvi, ngoja dakika chache, ndipo uitoe.

Asali

Wapo wanaoidharau kwa sababu ni ya bibi, na wapo wanaoisifu kwa sababu ni ya bibi. Wote waache hilo kando. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yaliona kwamba majeraha ya moto ya kina cha kati yaliyofungwa kwa asali yalipona mapema kwa takriban siku nne hadi tano kuliko yaliyofungwa kwa njia za kawaida. Mengi ya majaribio hayo yalifanyika India. Asali ina sukari nyingi inayonyonya maji kutoka kwa bakteria, ina asidi, na kimeng'enya chake hutoa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi. Inaondoa harufu mbaya ya kidonda na kulainisha kilichokufa.

Swali ni asali ipi. Iliyotumika kwenye majaribio mengi ni safi inayojulikana ilikotoka, na ya hospitali huuawa vijidudu kwa mionzi ya gama, kwa sababu asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa kupooza. Kuichemsha si suluhisho: joto linaua kile kimeng'enya na mbegu zinabaki. Ya barabarani iliyoongezwa sukari isiguse kidonda. Tabora, Singida, Kitui na Baringo kuna asali halisi ya kutosha, na inaniuma kwamba hospitali zetu haziipati ikiwa imetayarishwa kwa ajili ya vidonda huku tukiagiza krimu kutoka nje. Hadi hilo litakapowezekana, ninaiweka nafasi ya tatu: pale gozi ya vaselini imekwisha, jeraha ni dogo la kina cha kati, mgonjwa si mtoto mchanga, na asali inatoka kwa mfugaji unayemjua. Lowesha gozi kwa asali, usimimine kwenye kidonda, na ufunge nene maana itavuja. Kwa wengine huchoma dakika za mwanzo, waambie kabla.

Mfuko kwa mkono, wazi kwa uso

Mkono wa kufanyia kazi ukifungwa bandeji kubwa kwa wiki mbili, vidole hukakamaa. Njia bora kwa mkono ulioungua mgongoni au kiganjani ni mfuko mpya safi wa plastiki unaoonekana ndani, au glovu kubwa. Paka krimu ya silva au vaselini laini, valisha mfuko, funga kwenye kifundo bila kubana, ninginiza mkono juu. Vidole vinachezeshwa tangu siku ya kwanza, na mgonjwa anaweza kula mwenyewe. Majimaji yatajaa ndani na kuonekana ya kutisha; mfuko unabadilishwa kila siku au ukijaa. Hapa ndipo krimu ya silva naikubali hata kwa jeraha la juu, kwa sababu kinachookolewa ni mjongeo wa vidole. Watoto wadogo huung'ata mfuko, kwa hiyo kwao tenganisha kidole kimoja kimoja kwa gozi ya vaselini.

Uso haufungwi. Safisha kwa maji ya chumvi mara mbili kwa siku na upake vaselini nyembamba. Krimu ya silva ikae mbali na macho. Chunguza macho saa ya kwanza, kwa sababu baada ya saa sita huenda kope zisifunguke. Sikio lililoungua lisilalie mto.

Za gharama, na za mbali

Vitambaa vyenye chembechembe ndogo sana za silva hukaa siku tatu hadi saba bila kufunguliwa, na kama hospitali yako inavyo, tumia kwa jeraha ambalo bado hujajua kina chake. Bei yake kwa sasa inavifanya viwe vya wachache.

Watu hunitajia ngozi ya samaki. Ni kweli: huko Fortaleza, Brazil, watafiti wamefunga majeraha kwa ngozi ya perege wa Nile, samaki huyu huyu tunayemla kandokando ya ziwa Victoria. Lakini ngozi ile imesafishwa kwa dawa, ikawekwa kwenye gliserini na kupigwa mionzi. Ya sokoni Mwanza au Kisumu isiguse kidonda. Papai nalo limetumika kwa watoto hospitalini Banjul, Gambia, likipondwa na kupakwa kila siku ili kulainisha ngozi iliyokufa. Nalitaja kwa sababu lilitumika chini ya uangalizi wa wauguzi na kwa jeraha la kina. Si la kujaribu nyumbani.

Kwa mgonjwa aliye mbele yako

Mtoto wa miaka miwili, chai kifuani, asilimia 6, pinki na unyevu, amefika baada ya saa moja: maji ya bomba, dawa ya maumivu, gozi ya vaselini, arudi baada ya siku mbili. Krimu haina kazi hapa.

Mama mwenye kifafa aliyeangukia jiko la mkaa, ameletwa siku ya nne, mkono mkavu na mweusi, kuna harufu: krimu ya silva kila siku, na rufaa ya upasuaji iandikwe leo. Dawa zake za kifafa zirejeshwe pia, la sivyo atarudi.

Mpika chapati aliyerukiwa na mafuta mgongoni mwa mkono: mfuko. Mtoto wa wiki tatu aliyeguswa na chupa ya maji moto: gozi ya vaselini, hakuna krimu, hakuna asali, na alazwe. Mtoto mwenye miguu yote miwili iliyoungua kwa mstari ulionyooka kama soksi, na maelezo yanayobadilika: fungia vaselini, mlaze, na uwaite ustawi wa jamii kabla hajaondoka.

Mengine hayategemei umefunga na nini. Sindano ya pepopunda. Parasetamoli miligramu 15 kwa kilo mara nne kwa siku kwa ratiba, si "akilia," na kitu chenye nguvu zaidi, mofini ya kunywa au ketamini kwa msimamizi aliyefunzwa, kabla ya kufungua jeraha kubwa. Antibayotiki za kumeza au sindano zisitolewe za kujikinga. Zingoje dalili za maambukizi. Uji wa karanga, mayai, dagaa, mapema na mara nyingi, maana jeraha la moto linakula mwili. Na mkao: namna ambayo mgonjwa anajisikia nafuu kulala ndiyo namna atakayokunjamana. Aliyeungua shingo asiwekewe mto. Kwapa liwe wazi. Goti linyooke hata usiku.

Ukiamua kumpeleka mbele

Mtoto aliyezidi asilimia 10, mtu mzima aliyezidi 15, moto wa umeme au kemikali, uso, viganja, nyayo, viungo, sehemu za siri, jeraha lililozunguka mkono au mguu mzima, sauti iliyokwaruza au masizi puani: hawa waende. Mwenye sauti iliyokwaruza aende akiwa na oksijeni na mtu wa kumsimamia, asiachwe peke yake nyuma ya gari.

Usimpake krimu unayempeleka leo. Daktari atakayempokea atalazimika kuiosha yote ili aone, na mgonjwa ataumia mara mbili kwa kazi ileile. Nailoni safi ya kufungia chakula, iliyolazwa juu ya jeraha bila kuzungushwa, au shuka safi iliyokauka, inatosha kwa safari, pamoja na blanketi. Kwenye karatasi andika saa aliyoungua, kilichomuunguza, asilimia uliyopima na njia uliyotumia, uzito wake, mililita zilizoingia, mkojo uliotoka kwa kila saa, na dawa ya maumivu ya mwisho ilitolewa saa ngapi.